Viambishi vya Kike katika Kihindi-Kiulaya Mame: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wasomaji wa Kiswahili wanaojifunza isimu, Kilatini, Kigiriki au Kisanskriti, na wa yeyote aliyewahi kujiuliza kwa nini Julia na Claudia huishia na -a. Maswali mengine nimeyajibu kwa sentensi chache, mengine yanataka mtu akae kitako. Naamini kwa dhati kwamba msemaji wa Kiswahili ana mtaji ambao wanafunzi wengi wa Ulaya hawana: amelelewa ndani ya ngeli. Kila nitakapoweza, nitautumia mtaji huo.

Kihindi-Kiulaya Mame ni lugha gani?

Ni lugha iliyozaa Kisanskriti, Kiajemi, Kigiriki, Kilatini, Kijerumani, Kirusi, Kiayalandi, Kiarmenia na ndugu zao wengi. Haikuandikwa kamwe. Wataalamu wengi huiweka miaka 5,000 hadi 6,000 na zaidi iliyopita, katika mbuga za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Tunaifahamu kwa kuwalinganisha watoto wake, kama vile mtu akisikia *mtu* kwa Kiswahili, *omuntu* kwa Kiganda, *mũndũ* kwa Kikuyu na *umuntu* kwa Kinyarwanda anavyotambua kwamba kuna neno moja la kale nyuma ya yote. Kazi hiyo kwa upande wa Kibantu Carl Meinhof aliifanya katika kitabu chake cha 1899, kwa mbinu zilezile zilizokwisha kukomaa kwenye Kihindi-Kiulaya.

Ile nyota mbele ya maneno ni ya nini? Na h₂ inatamkwaje?

Nyota husema: neno hili halikuonekana popote limeandikwa, limeundwa upya kwa kulinganisha. August Schleicher ndiye aliyeifanya iwe desturi katika karne ya 19.

Alama h₁, h₂ na h₃ ni konsonanti tatu za zamani ziitwazo laringali. Karibu lugha zote za ukoo huu zimezipoteza. Mwaka 1879 Ferdinand de Saussure, kijana wa miaka 21, alichapisha hoja kwamba lazima kulikuwa na sauti zilizotoweka, ingawa hakuna lugha iliyojulikana wakati huo iliyozihifadhi. Kisha vigae vya Kihiti, lugha ya kale ya ukoo huu, vikafukuliwa Anatolia (Uturuki ya leo), Bedřich Hrozný akaisoma lugha yake mwaka 1915, na mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kwamba ḫ ya Kihiti imesimama pale ambapo hesabu za Saussure zilitaka sauti. Kihiti kina *ḫant-*, paji la uso. Kilatini kina *ante*, mbele. Hiyo ḫ ndiyo h₂ yetu. Matamshi yake hasa hayakuachwa kwenye maandishi, lakini wengi huifikiria kuwa sauti ya kooni, karibu na *kh* ya anayesema *kheri* kwa lafudhi ya Kiarabu. Ishike vizuri h₂, maana ndiyo moyo wa habari yote iliyobaki.

Viambishi vya kike ni vingapi?

Kuna vitatu vyenye h₂ au sauti ya aina yake, na kimoja cha kale kisichokuwa nayo.

Cha kwanza ni \*-eh₂, kilichotoa -ā ya Kisanskriti, -a ya Kilatini, na -ē au -ā ya Kigiriki. Cha pili ni \*-ih₂, ambacho katika baadhi ya hali hugeuka \*-yeh₂. Kisanskriti *devī́*, mungu wa kike, kutoka *devá-*, mungu. Cha tatu kinafanana na cha pili ila kina -s mwishoni: *vṛkī́s*, mbwa mwitu jike, kutoka *vṛ́ka-*. Cha nne ni \*-sor- au \*-sr-, kilichoanza kama neno kamili lenye maana ya mwanamke.

Imekuwaje \*-eh₂ ikawa -a?

Kwa hatua mbili. Kwanza h₂ iliivuta irabu jirani: kila *e* iliyoigusa ikawa *a*. Halafu h₂ yenyewe ikadondoka, na irabu ikarefuka kuziba pengo. Kwa hiyo \*-eh₂, kisha \*-ah₂, kisha -ā. Kivumishi cha "mpya" kinaonyesha matokeo vizuri. Lugha mame ilikuwa na \*néwos kwa kiume, \*néweh₂ kwa kike na \*néwom kwa jinsia ya tatu, ambayo si ya kiume wala ya kike. Hapa nitaiita jinsia ya kati. Kilatini kina *novus, nova, novum*. Kigiriki kina *néos, néa, néon*. Kisanskriti kina *návas, návā, návam*. Lugha tatu zilizotengana kwa maelfu ya kilomita zimekaa kama watoto wa tumbo moja.

Kama -a ni ya kike, mbona Kilatini *nauta*, baharia, na *agricola*, mkulima, ni maneno ya kiume?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, na ndipo msemaji wa Kiswahili anapopaswa kutembea kifua mbele.

Chukua neno *kipofu*. Limevaa ki-, kiambishi cha kitu na kisu. Lakini husemi "kipofu kile kimepita". Unasema *kipofu yule amepita*. *Kijana* vivyo hivyo. Umbo la neno liko upande mmoja, upatanisho uko upande mwingine, na unajua tangu utotoni kwamba haviendi pamoja kila mara. Kilatini hufanya hivyohivyo: *nauta bonus*, baharia mwema, nomino ina -a, kivumishi kina umbo la kiume.

Na kinyume chake kipo. Kilatini *nurus*, mke wa mwana, au kwa Kiswahili cha wazee mkaza mwana, ina mwisho unaofanana na wa maneno ya kiume ilhali ni ya kike kabisa. Kigiriki *nyós* ni hivyohivyo. Nyuma yao liko \*snusós, neno la kike lisilo na kiambishi chochote cha kike. Kisanskriti ndicho kilichoona tofauti hiyo haifai, kikalivisha neno -ā: *snuṣā́*. Kigiriki *hodós*, njia, ni ya kike ikiwa na mwisho wa -os. Miti mingi ya Kilatini, kama *fāgus*, ina mwisho wa -us na hupatana kike.

Kwa hiyo kuna mambo mawili. Kiambishi ni kipande cha neno. Jinsia ya kisarufi ni tabia ya maneno yanayolizunguka: kivumishi, kionyeshi, kiwakilishi. Anayeyachanganya mawili haya hataielewa historia inayofuata.

Je, \*-eh₂ ilianza kwa kuwataja wanawake?

Inaelekea hapana. Kabla ya kuwa cha kike kiambishi hiki kilikuwa na kazi nyingine, na mabaki yake yapo wazi.

Kazi ya kwanza ni kukusanya. Neno la nira lilikuwa \*yugóm, na wingi wake \*yugéh₂: Kisanskriti cha Veda (maandiko matakatifu ya kale ya India) *yugā́*, Kilatini *iuga*, Kigothi, lugha ya kale ya ukoo wa Kijerumani, *juka*. Wingi wa jinsia ya kati katika ukoo mzima umejengwa kwa h₂ ileile. Ukitazama Kilatini *bona*, inaweza kuwa "mwema (mwanamke)" au "vitu vyema", umbo moja.

Watu wengine husema hiyo ni bahati tu ya sauti kufanana. Lakini angalia Kigiriki cha Athene. Kiima kikiwa cha jinsia ya kati katika wingi, kitenzi hukaa katika umoja: *ta zôia trékhei*, kana kwamba sisi tungesema "wanyama anakimbia". Kihiti hufanya hivyo. Kiavesta cha kale, lugha ya Iran ya zamani, pia. Lugha tatu zilizoachana mapema zinashiriki jambo la ajabu namna hii kwa sababu moja: huo "wingi" haukuwa wingi. Lilikuwa neno la umoja lenye maana ya kundi. Johannes Schmidt aliitetea hoja hii kwa kitabu kizima mwaka 1889, na bado imesimama.

Kundi lilitofautiana na wingi wa kuhesabu hata kwa maneno ya kiume. Kigiriki *kýklos*, duara, kina *kýkloi*, duara moja moja, lakini *kýkla* katika tenzi za Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, ni magurudumu ya gari, seti nzima. Kilatini *locus*, mahali, kina *locī* na *loca*. *Loca* ni eneo lililoshikana.

Kazi ya pili ni kuunda nomino dhahania. Kigiriki *tómos* ni kipande kilichokatwa. *Tomḗ* ni ukataji. *Phygḗ* ni kukimbia, na Kilatini *fuga* hivyohivyo. Hakuna mwanamke hapo.

Kiambishi kimoja chenye kazi za kundi, za dhahania, kisha za kike kinaweza kumshangaza Mzungu anayesoma kwa mara ya kwanza. Sisi tuna ki- ya *kisu*, ya *Kiswahili*, ya *kitoto* na ya *kizungu* katika *kula kizungu*, na hatujawahi kukosa usingizi.

Basi kundi liligeukaje kuwa mwanamke?

Hili ni swali zito kuliko yote hapa na majibu ni zaidi ya moja. Nitaeleza matatu yenye nguvu.

Jibu la kwanza ni la Karl Brugmann, mwishoni mwa karne ya 19. Kulikuwa na neno la mwanamke, \*gʷén- au \*gʷenéh₂: Kigiriki *gynḗ*, Kislavoni cha kale *žena*, Kiarmenia *kin*. Lilikuwa na -eh₂ kwa sababu zake lenyewe. Wasemaji wakasikia neno la mwanamke likiishia hivyo, wakauchukua mwisho ule kuwa ndio unaobeba uanamke, wakaanza kuubandika penginepo. Je, jambo kama hilo hutokea kweli? Kitabu ndicho ushahidi wangu. Kiarabu *kitāb* hakina kiambishi awali. *Ki* ni sehemu ya neno. Waswahili wakaisikia ki- ya kwao, wakasema *vitabu*. Baadaye *kipilefti* ikazaa *vipilefti* barabarani. Kipande kisichokuwa kiambishi kimegeuzwa kiambishi na masikio ya watu.

Jibu la pili hupitia nomino dhahania na za kundi kuanza kutumika kwa mtu mmoja. Neno la mjane, \*h₁widʰéweh₂, ni la kale sana: Kisanskriti *vidhávā*, Kilatini *vidua*, Kigothi *widuwo*, Kislavoni cha kale *vŭdova*. Mjane mwanamume hakuwa na neno lake la kale. Kilatini *viduus* kimetoholewa kutoka *vidua*. Wapo wanaoona kwamba neno hili lilianza likimaanisha hali ya kufiwa, au nyumba iliyoachwa na marehemu, kisha likamwangukia yule aliyebaki. Njia hiyohiyo ingeeleza pia *agricola* na wenzake: dhahania ikimwangukia mwanamume, inabaki na -a yake lakini hupatana kiume.

Jibu la tatu huanzia kwenye vionyeshi. Lugha mame ilikuwa na \*so, yule, \*tod, kile, na katikati yao ikazuka \*seh₂: Kisanskriti *sā*, Kigiriki *hē*, Kigothi *so*. Mara kionyeshi kilipopata umbo la h₂, maneno yaliyokwisha kuishia na h₂ yalipata mwenza wa kupatana naye, na kivumishi kikafuata nyuma. Ndivyo lilivyozaliwa kundi jipya la upatanisho.

Mimi naona Brugmann na kionyeshi hawapingani. Neno moja au machache yenye mwisho wa h₂ yaliwataja wanawake, kionyeshi kikaiga mwisho huo, upatanisho ukakamilika, kisha kila neno lenye -eh₂, hata *fuga*, likavutwa ndani ya zizi hilo kwa sababu ya mlio wake tu. Hivyo dhahania zikawa "za kike" bila mtu yeyote kufikiri kwamba kukimbia kuna uanamke.

Na jambo hili limejirudia mbele ya macho ya historia. Kilatini *folium* ni jani, *folia* ni majani. Wasemaji wa baadaye wakaisikia -a, wakaihesabu kuwa ya kike na ya umoja. Leo Kiitalia *foglia* na Kifaransa *feuille* ni jani moja, jinsia ya kike. Wingi wa jinsia ya kati umekuwa umoja wa kike tena, kwa mara ya pili katika ukoo uleule.

Lakini huenda ni viambishi viwili tofauti vilivyofanana tu?

Swali la haki kabisa, na wataalamu wazito wamelitetea wazo hilo. Kiswahili kinatufundisha tusiwe wepesi wa kulikataa. Tazama u- ya *ulimi* na u- ya *uzuri*. Kwa anayejua Kiswahili pekee ni u- moja. Vuka ziwa uende Uganda: *olulimi* upande mmoja, *obulungi*, uzuri, upande mwingine. Lu- na bu- zilikuwa ngeli mbili. Kiswahili kimezipotezea konsonanti zikagongana. Kama Kiganda na Kikuyu zingekufa bila kuandikwa, sisi leo tungekuwa tunatunga nadharia za kuunganisha ulimi na uzuri kwa maana.

Kwa \*-eh₂ hatujapata "Kiganda" cha kutuonyesha sauti mbili tofauti. Ndiyo maana wengi, nami nikiwamo, hubaki na kiambishi kimoja. Ila hoja ya maana pekee, bila ushahidi wa sauti wala wa upatanisho, isimtoshe mtu.

Kihiti kinasema nini?

Kihiti ndiyo lugha ya kale kuliko zote za ukoo huu kwa maandishi, na hakina jinsia ya kike. Kina mbili tu: moja ya pamoja, wanamokaa mume, mke na vingi vingine, na moja ya kati. Anayesoma Kihiti huona *antuḫša-*, mtu, pamoja na *anna-*, mama, wakipatana sawasawa.

Kuna maelezo mawili. Ama ndugu wa Anatolia walikuwa na jinsia tatu wakapoteza moja, ama waliondoka nyumbani kabla ya ile ya kike haijazaliwa. Edgar Sturtevant alisukuma mbele wazo la kwamba Kihiti kilitengana mapema mno, na siku hizi wengi huegemea upande wa pili. Wanaotetea upande wa kwanza huelekeza macho kwenye Kilikia na Kiluwi, lugha dada za Kihiti. Kilikia kina maneno kama *lada*, mke, yanayoishia na -a. Lakini -a katika neno si upatanisho wa kike; tumeshaliona hilo kwa baharia.

Ushahidi unaonishawishi zaidi uko ndani ya lugha zilizobaki. Kiulizi cha "nani" kilikuwa \*kʷis, kwa mume na mke pamoja: Kilatini *quis*, Kigiriki *tis*, Kihiti *kuiš*. Vivumishi vingi vya Kilatini, kama *facilis*, havitofautishi kiume na kike. Kigiriki *ádikos*, dhalimu, vilevile. Hizi ni sehemu ambazo jinsia ya kike haikufika, kama mafuriko yanavyoacha vichuguu.

Na \*-ih₂ ilifanya kazi gani?

Hii ndiyo iliyokuwa ikitoa jike kutoka dume kwa ukawaida zaidi. Ilipenda mashina yanayoishia na konsonanti au *u*. "Anayebeba" kwa kike ni Kisanskriti *bhárantī*, Kigiriki *phérousa*. "Tamu" kwa kike ni Kisanskriti *svādvī́*, Kigiriki *hēdeîa*. "Mzazi" wa kike ni Kisanskriti *jánitrī*, Kigiriki *genéteira*, Kilatini *genetrīx*, hiki cha mwisho kikiwa kimeongeza k. Wagiriki na Wahindi wanashiriki pia *pótnia* na *pátnī*, bibi mwenye mamlaka.

Aina ya *vṛkī́s* ina siri yake. Katika Veda kuna *rathī́s*, mwendesha gari la vita, kutoka *rátha-*, gari. Ni mwanamume, na umbo ni lilelile. Basi maana ya awali haikuwa "jike" bali "mwenye kuhusiana na". Mbwa mwitu jike aliitwa kitu kama "wa mbwa mwitu". Hata hapa uanamke ulikuja baadaye. Neno hili limefika mbali: Kinorsi cha kale *ylgr* ni mbwa mwitu jike wa umbo hilohilo.

Farasi anatuonya tusidhani mambo yalipangwa tangu mwanzo. Kilatini kina *equus* na *equa*, Kisanskriti *áśvas* na *áśvā*, Kilithuania *ašva*. Lakini Kigiriki *híppos* ni farasi dume na jike, kionyeshi tu ndicho hubadilika.

Mbona mama, dada na binti hawana kiambishi cha kike?

Kwa sababu hawakukihitaji. \*Méh₂tēr, mama, ameishia kama \*ph₂tḗr, baba, na \*bʰréh₂tēr, kaka. \*Dʰugh₂tḗr, binti, hivyohivyo. Uanamke umo ndani ya maana.

Dada, \*swésōr, ana jambo la ziada. Wengi humchanganua kuwa \*swe-, "-a kwetu", na \*-sor, mwanamke: mwanamke wa kwetu. Hiyo \*-sor imejificha pia katika hesabu. Kisanskriti cha Veda husema *tráyas* kwa watatu wa kiume na *tisrás* kwa watatu wa kike. Kiwelisi kinaendelea hivyo hadi leo: *tri* na *tair*, *pedwar* na *pedair*, wasichana watatu ni *tair merch*. Na Kihiti, kisicho na jinsia ya kike, kina *ḫaššu-*, mfalme, na *ḫaššuššara-*, malkia. *Išḫa-*, bwana, na *išḫaššara-*, bibi. Anayetafuta kiambishi cha kike chenye umri mkubwa kuliko wote, ni hiki, wala hakina h₂.

Kibantu kimepita njia hiyohiyo. Kiganda *omukazi* ni mwanamke. Kizulu kimeufanya mzizi huo kuwa kiambishi tamati: *inkosi*, mfalme, *inkosikazi*, mke wa mfalme, *indlovu*, tembo, *indlovukazi*, tembo jike. Nasi tumebaki nao katika *mkaza mwana* na *mkaza mjomba*.

Je, -a ya majina ya wanawake wetu ndiyo hii?

Inategemea jina limetoka wapi.

Julia, Claudia, Paula na Augusta ni ya Kilatini: *Iūlius* na *Iūlia*, *Paulus* na *Paula*. Hapo -a ni \*-eh₂ halisi. Regina, jina utakalolikuta shule yoyote ya misheni, ni *rēgīna*, malkia, kutoka *rēx*. Ndugu yake wa Kisanskriti ni *rā́jñī*, ambaye katika Kihindi amekuwa *rānī*. Kwa hiyo Regina wa Moshi na Rani wa Upanga wana mzizi mmoja. Beatrice hutoka *Beatrix*, na -trix hiyo ni ileile ya *genetrīx*, yaani \*-ih₂ pamoja na k. Victoria lilikuwa jina la ushindi, dhahania, kabla ya kuwa la malkia na la ziwa.

Saida, Karima, Jamila na Aziza ni jambo jingine kabisa. -a yao ni ya Kiarabu, lugha ya Kisemiti, na asili yake ina t: utaisikia ikirudi maneno yanapoungana, *layla*, usiku, lakini *Lailatul-kadri*. Hakuna undugu uliothibitishwa kati ya -at hiyo na \*-eh₂. Hata hivyo nashindwa kulipita hili: Kiarabu nacho hupatanisha wingi wa vitu visivyo watu na kivumishi cha kike cha umoja. *Al-kutub al-jadīda*, vitabu vipya, ni kana kwamba vitabu vyote ni "yeye" mmoja wa kike. Lugha isiyo ya ukoo wa Kihindi-Kiulaya imeunganisha kundi na kike kwa njia yake yenyewe, na anayeitilia shaka hoja ya Schmidt aipime mbele ya Msahafu.

Maria ni jina la Kisemiti lililovikwa mwisho wa Kigiriki na Kilatini.

Si kweli kwamba watu wa kale waliviona vitu kuwa vya kike na vya kiume?

Jacob Grimm aliamini hivyo mwaka 1831: kwamba ubunifu wa watu wa kale ulivipa vitu sura ya mume na mke. Ni wazo zuri kulisoma lakini halilingani na ushahidi. Viambishi vilikuwa vya kundi, vya dhahania na vya uhusiano. Sarufi ilipanga kwa sauti, washairi wakaja baadaye kuwavika vitu mavazi.

Lugha zote za ukoo huu zimeitunza jinsia ya kike?

La. Kiarmenia hakina jinsia tangu maandishi yake ya kwanza ya karne ya 5. Kiingereza kimebakiza viwakilishi tu. Kiajemi cha kale kilikuwa na jinsia tatu. Kiajemi kilichotupa *bandari* na *dirisha* hakina hata moja, na neno lake *u* humtaja mwanamume na mwanamke sawasawa na *yeye* yetu. Miisho ya maneno ilipomomonyoka, upatanisho ulikosa pa kushikia.

Nikikutana na neno lenye -a, nianzie wapi?

Uliza kwanza asili ya neno, maana Kiarabu, Kiebrania na Kibantu vyote vina -a zao. Likiwa la ukoo wa Kihindi-Kiulaya, tafuta umbo lake kongwe lililoandikwa, uone kama irabu ni ndefu au fupi: -ă fupi ya Kigiriki katika *phérousa* imetoka \*-ih₂, wakati -ē ya *tomḗ* imetoka \*-eh₂. Kisha tazama linavyopatana, si linavyoishia. Mwisho, tafuta kama lina mwenza: *fuga* halina dume, *equa* analo. Jizoeze kwa Kilatini *opera*. Kuna *opera* ya kwanza, wingi wa *opus*, kazi nyingi. Na kuna *opera* ya pili, umoja wa kike, juhudi, inayonyambuliwa *operae*. Waitalia wameichukua hiyo ya pili hadi kwenye jukwaa la muziki. Zote mbili zimetoka kwenye h₂ ileile.